Mpiga picha alisimama wapi?

Yeyote aliyesoma Jiografia ya sekondari Tanzania au Kenya anaikumbuka ile picha ya mtihani. Ni shamba, au machimbo, au barabara ya mjini, imechapwa nyeusi na nyeupe kwenye karatasi nyepesi. Ikishapita kwenye mashine ya kudurufu ya shule kwa ajili ya mtihani wa majaribio, mazao yamegeuka madoa ya wino na mlima umebaki kivuli. Chini yake maswali ni yale yale ya miaka yote: hii ni picha ya aina gani, toa sababu mbili; ni shughuli gani ya kiuchumi inayofanyika; taja matatizo yanayoikabili jamii ya eneo hili. Mwanafunzi hodari ana majibu mkononi kabla hajaitazama. Akiona migomba anaandika mvua nyingi na udongo wenye rutuba, anafungua ukurasa unaofuata.

Upande mwingine wako walimu wenye bidii, wenye projekta na bando la kutosha, wanaowaletea wanafunzi picha za safari kutoka pembe zote za dunia: masoko ya Marrakech, vijiji vya Himalaya, wavuvi wa Bangladesh wakati wa machweo. Rangi zinawaka ukutani, darasa zima linasema "aah!" Kipindi kinakwisha kwa makofi, na hakuna aliyeuliza swali. Wengi wangeuita huo ushindi. Mimi naona ni ile picha ya mtihani iliyovaa nguo ya sikukuu, kwa sababu hapa pia mtoto hakutazama. Kule alikariri, huku amestaajabu.

Hoja yangu ni kwamba picha ya msafiri ina nguvu kubwa darasani, ila nguvu hiyo haitoki kwenye uzuri wake. Inatoka kwenye jambo moja la kawaida kabisa: kuna mtu alifunga safari, akafika, akasimama mahali fulani, akageuzia kamera upande mmoja na kuupa mgongo upande mwingine. Mwanafunzi akizoea kumtafuta mtu huyo aliyejificha nyuma ya lenzi, picha moja inatosha vipindi viwili na maswali yanabaki.

Mfano ninaoupenda uko karibu na sisi. Alan Villiers alikuwa baharia wa Australia, mzaliwa wa Melbourne mwaka 1903, aliyekwisha kuizunguka dunia kwa merikebu ya matanga kabla hajaja pande zetu. Mwishoni mwa mwaka 1938 alipanda jahazi la Wakuwait bandarini Aden, nahodha akiwa Ali bin Nasir al-Nejdi. Wakateremka na upepo wa kaskazi, wakapita pwani ya Hadhramaut na Somalia, wakafika Mombasa na Unguja, kisha wakaingia kwenye delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Kusi ilipoanza wakapandisha matanga kurudi Ghuba. Safari nzima Villiers alikuwa na kamera, na huko Kuwait akawapiga picha wazamia lulu ambao madeni yao kwa manahodha hayakuwa yakiisha. Picha zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya bahari ya taifa ya Uingereza, Greenwich.

Mwalimu wa Kibiti, Lamu au Mji Mkongwe hahitaji kitu kingine ili aanze. Pepo za msimu, ambazo kitabuni ni mishale miwili kwenye ramani, hapa ndizo ratiba ya watu: ukichelewa kupakia, kusi inakuacha. Boriti nazo zina hesabu yake. Nyumba za zamani za Lamu na Mji Mkongwe zina vyumba virefu lakini vyembamba, upana wake mara nyingi hauzidi mita 3 hivi, kwa sababu dari ilibebwa na boriti na boriti ina urefu wake. Mpe mtoto futi kamba apime chumba cha bibi yake. Kisha mwambie kwamba mti uliotoka kwenye tope la Rufiji ulikwenda pia kuezeka nyumba za Kuwait, nchi isiyo na misitu, na kwamba mwaka huo huo wa 1938 ndipo mafuta yalipogunduliwa Burgan, huko huko Kuwait. Atajua mwenyewe kwa nini majahazi yale yaliadimika miaka iliyofuata. Hapo Historia, Jiografia na Hisabati zimekaa kwenye picha moja bila kugombana.

Lakini usiishie hapo, maana hapo bado tunamwamini Villiers kwa kila kitu. Alikaa na mabaharia kwa miezi, akala nao, akalala sitahani pamoja nao. Hao anawajua. Mrufiji aliyeikata ile boriti msituni, akaisomba begani hadi majini, hakuwa mwenzake wa safari. Muulize mwanafunzi wa Rufiji: babu zako wako wapi kwenye safari hii? Wakati mwingine wako ukingoni mwa fremu, wakati mwingine hawapo kabisa, na mzigo wao ndio umejaza jahazi.

Niliwahi kuketi nyuma ya darasa moja la kidato cha pili, pwani ya kusini, mwalimu akifanya jambo la namna hii. Hakuwa na projekta. Alikuwa amechapisha picha moja ya zamani, ya mpiga picha asiyejulikana, kwa ukubwa wa karatasi ya A3, akaigandamiza ubaoni kwa gundi ya karatasi: wanaume wanapakia boriti. Akasema kwa dakika tano hakuna kuongea, kutazama tu. Dakika tano za kimya ni ndefu sana kwa watoto wa miaka 15, na mbili za mwanzo zilikwenda kwa vicheko. Kisha mikono ikaanza. "Wanafanya biashara." "Wana nguvu." "Ni maskini." Majibu ya mtihani, kwa kifupi. Mwalimu alikuwa akiyaandika ubaoni bila kusema sahihi wala kosa, hadi binti mmoja, ambaye baadaye niliambiwa baba yake ni mvuvi, aliposema: "Maji yamekupwa. Ona miguu yao, wanakanyaga tope. Sasa huyu aliyepiga picha kasimama wapi, mbona tunawaona kwa juu?"

Darasa likalipuka. Wengine walisema yumo jahazini, wengine walisema jahazi kubwa lisingekaribia kiasi hicho maji yakiwa yamekupwa, labda alikuwa juu ya gati. Mmoja akatoka kwenda ubaoni kuonyesha vivuli: kama ni asubuhi, basi nyuma yake ni mashariki, basi bahari iko mgongoni mwake. Yule binti hakuwa amefundishwa "uchambuzi wa picha" na mtu yeyote. Alileta elimu ya nyumbani, ambayo kwa siku nyingine zote shule haiiulizi. Nikiulizwa picha inamtiaje mtoto hamasa, jibu langu ni hilo: anagundua kwamba alichonacho tayari kina kazi darasani.

Halafu mwalimu akafunua maelezo yaliyochapwa chini, ambayo alikuwa ameyafunika kwa kipande cha karatasi. Yalisema tu "wenyeji wakiwa kazini". Akawaambia wayaandike upya.

Maelezo ya picha ndiyo sehemu tunayoipita haraka kuliko zote, na ndiyo yenye sumu. Hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani ilitoa zaidi ya picha 80,000 kwa matumizi ya bure mtandaoni kuanzia Desemba 2008, na humo mna picha nyingi za Afrika Mashariki ya Kijerumani, zikiwemo za Walter Dobbertin: askari, mapagazi, reli, masoko. Ni hazina, na mwalimu anaweza kuzipakua bila kulipa senti. Ila hifadhi yenyewe inaweka onyo kwamba mara nyingi imeyaacha maelezo ya asili kama yalivyokuwa, na kwamba yanaweza kuwa na makosa, upendeleo au siasa kali. Napenda uungwana huo. Picha ya mapagazi waliojipanga na mizigo kichwani yaweza kuwa kweli tupu. Sentensi iliyo chini yake ndiyo inayotuambia walikuwa "wanaajiriwa" au wanasombwa. Katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kazi ya kumpa mwanafunzi picha ile ile yenye maelezo mawili yanayopingana ingefundisha zaidi kuliko kurasa kadhaa za "athari za ukoloni" zilizoorodheshwa kwa vipengele.

Na tusidhani ni mambo ya Wajerumani wa zamani tu. Gazeti la National Geographic, ambalo kwa vizazi limekuwa dirisha la dunia katika maktaba za shule, lilimwomba mwanahistoria John Edwin Mason wa Chuo Kikuu cha Virginia alipitie, na katika toleo la Aprili 2018 mhariri wake, Susan Goldberg, akakiri waziwazi kwamba kwa miongo mingi habari zao zilikuwa za kibaguzi. Moja ya mifano waliyoitoa ni makala ya mwaka 1962 kuhusu Afrika Kusini, iliyotoka miaka miwili na nusu baada ya polisi kuua watu 69 Sharpeville, na ambayo ndani yake Mwafrika hakupewa nafasi ya kusema. Picha zilikuwa nzuri. Hilo ndilo la kumwambia mwanafunzi: zilikuwa nzuri.

Gazeti hilo hilo ndilo lililotoa uso unaojulikana kuliko nyuso nyingi za marais. Mwaka 1984 Steve McCurry aliingia kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, Pakistani, akampiga picha msichana wa Kiafghani wa miaka kama 12 hivi, mwenye macho ya kijani. Juni 1985 uso ule ukawa jalada. Kinachosahauliwa ni kwamba hema lile lilikuwa shule. Yule alikuwa mwanafunzi, darasani, na mgeni akaingia na kamera. Jina lake halikuandikwa. Ilipita miaka 17 ndipo wapiga picha waliporudi kumtafuta, Januari 2002, dunia ikajua anaitwa Sharbat Gula; yeye mwenyewe hakuwa ameiona picha ile hata mara moja, na alichokumbuka ni kwamba alikasirika, kwa kuwa aliyempiga alikuwa mwanamume asiyemjua. Mwaka 2016 alikamatwa Pakistani kwa shtaka la kitambulisho cha kughushi, akarudishwa Afghanistani, na mwaka 2021 Italia ikampokea.

Waswahili husema macho hayana pazia. Kamera nayo haina, lakini darasa lina haki ya kulishusha. Ningependa kila mwalimu anayeonyesha picha ile aanze na hasira ya mtoto yule, ndipo aje kwenye rangi ya macho yake. Vijana wetu wanaelewa haraka sana. Wengi wao wamepigwa picha na wageni waliotembelea shule zao, wakaambiwa wacheke, na hawajui picha hizo zilikwenda wapi.

Hapa kuna mtego, na nimeuona ukiwanasa hata wachambuzi wazuri: kudhani kwamba tatizo ni mzungu na kamera yake, basi tukiwapa wenyeji kamera mambo yatanyooka. Mpiga picha Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, akaanzisha kampuni yake ya Camerapix hapo hapo Dar mwaka 1963. Hakuna wa kumfundisha Afrika Mashariki. Na ni yeye aliyekwenda Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, akiwa na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, akachukua picha za njaa zilizotikisa dunia na kuzaa lile tamasha la muziki la kuchangia wenye njaa, Live Aid, la Julai 1985. Picha hizo ziliokoa watu; sina shaka. Picha hizo hizo, zikirudiwa bila kukoma na watu wengine kwa shughuli nyingine, ziliwafanya watoto wa shule wa Ulaya waione Ethiopia kama uwanja wa mifupa, nchi yenye maandishi yake ya kale na makanisa yaliyochongwa katika mwamba mmoja. Amin hakuwa na kosa katika hilo, na kosa bado lipo. Mjadala wa namna hiyo ndio unaofaa vijana wa kidato cha tano na sita, maana hauna jibu la alama mbili.

Picha za safari zina kazi nyingine isiyo na machozi, nayo ni kulinganisha. Mpiga picha wa kwanza anasimama mahali; miaka 100 baadaye mwingine anasimama pale pale. Barafu ya Kilimanjaro ndiyo mfano wa wazi kwetu. Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler walipokuwa mlimani mwaka 1912, vipimo vilionyesha barafu ya kiasi cha kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Mwanafunzi wa Machame anayeuona mlima kila asubuhi hahitaji kuhubiriwa, anahitaji picha mbili na rula.

Lakini picha mbili nazo zinaweza kudanganya pamoja. Kuna jozi maarufu ya picha za setilaiti za Kilimanjaro, moja ya Februari 1993 na nyingine ya Februari 2000. Katika ya kwanza kilele ni cheupe tele, katika ya pili kimekaribia kuwa kitupu. Watu wamezisambaza kama ushahidi kwamba barafu iliyeyuka kwa miaka saba. Sehemu kubwa ya weupe ule wa 1993 ni theluji ya msimu, inayokuja na kuondoka. Barafu ya kudumu ni habari nyingine. Barafu inapungua kweli, ila jozi ile si shahidi mzuri, na hoja ya kweli ikibebwa na shahidi mbovu inaangukia mikononi mwa wapinzani wake. Watie vijana mazoea ya kuuliza siku, mwezi na msimu.

Kuhusu picha zilizofanyiwa ukarabati wa kompyuta sitachelewa. McCurry huyo huyo alibainika mwaka 2016 kuwa na picha zilizohaririwa, baada ya mtu kuona nguzo iliyokatika vibaya kwenye picha ya Kuba iliyotundikwa maonyeshoni Italia. Akajitetea kwamba yeye ni msimulizi kwa picha, hajioni tena kuwa mwanahabari. Leo akili mnemba inatengeneza soko la Marrakech ambalo hakuna aliyewahi kununua kitu ndani yake. Dawa si programu ya kugundua uongo. Darasa lililozoea kuuliza aliyepiga ni nani, alisimama wapi na alifikaje litaikwamisha picha hiyo kwenye swali la kwanza.

Najua jibu la walimu wengi: muhtasari ni mrefu, umeme unakatika, darasa lina watoto 80. Ndiyo maana sisemi projekta. Nasema picha moja, kubwa, iliyochapishwa stationari ya mjini, na kipande cha karatasi cha kufunika maelezo. Mkusanyiko wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, nazo zinatazamika mtandaoni. Unguja kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe, ambako kuta zimejaa Zanzibar ya vizazi vitatu. Watunga mitihani nao wanaweza kusaidia kwa swali moja tu jipya kila mwaka. Maadamu mtihani unauliza aina ya picha na sababu mbili, mwalimu atafundisha aina ya picha na sababu mbili, simlaumu.

Baada ya kutazama za wengine, wanafunzi wapige zao. Safari isiwe ya mbali: kutoka nyumbani hadi shuleni, au kwenye mwalo, au kituo cha daladala. Simu kwa wanafunzi ni marufuku katika shule nyingi, basi simu iwe ya mwalimu, moja kwa kundi zima, na kila mtoto apewe nafasi tatu tu za kubonyeza. Uhaba huo una faida yake, maana mwenye nafasi tatu anafikiri kabla ya kuinua mkono. Sharti la kwanza ni kuomba ruhusa, kwa salamu kamili, shikamoo kwa wanaostahili, na kuandika jina la aliyepigwa kama mwenyewe ameridhia. Akikataa, amekataa, na kukataa kwake kuandikwe kwenye daftari kama sehemu ya kazi. Kisha picha zibandikwe kwenye ukuta wa nje wa darasa siku ya kikao cha wazazi, kila moja na sentensi mbili chini yake, na kalamu ining'inizwe kwa uzi pembeni, ili mama ntilie, fundi baiskeli na mzee wa mwalo wasome kilichoandikwa juu yao na kukata palipokosewa.